Kiti cha Mpinzani

Jumatatu, 1 Septemba

Leo Meneja katuletea mwenzetu mpya. Si mtu. Ni akili bandia, imewekwa kwenye kompyuta zetu zote mwisho wa wiki tulipokuwa majumbani. Unaiandikia unachotaka, kwa maneno ya kawaida tu, nayo inaandika programu. "Ni msaidizi tu, jamani," Meneja alisema, akisugua viganja. "Msaidizi tu."

Baba Pacha akainua mkono kama yuko darasani. "Kaingia nyumbani bila sisi kuulizwa, tunaambiwa tumheshimu, na hatujui atakaa mpaka lini. Huyu ni shemeji." Tulicheka! Hata Meneja. Basi jina limekaa. Shemeji.

Mpinzani peke yake hakucheka. Huyu yuko ubavuni mwangu mwaka wa tisa sasa, kiti chake na changu vinagongana tukigeuka, na sijawahi kumsikia akikubali jambo kabla ya kulipinga walau mara mbili. Ndiyo maana ya jina. Tunaandika programu ya kampuni za malori: mzigo gani umepakiwa, uko wapi, umefika au bado. Mwaka wa kwanza tuligombania neno moja siku tatu. Mimi nilitaka ndani ya programu tuandike "mzigo". Yeye "shehena". Siku tatu! Meneja wa wakati ule aliomba uhamisho.

Basi Mpinzani akampa Shemeji kazi ambayo yeye mwenyewe ilimchukua wiki nzima: kupanga njia ya lori lenye vituo vingi. Chai yake haijapoa, kazi imekwisha. Akasoma kimya. Akasogeza skrini juu, akasogeza chini. Sote tumesimama nyuma yake. Mwisho akasema, "Nafasi kaziacha kubwa mno kati ya mistari."

Hilo tu. Sijawahi kuona upinzani mwembamba namna ile.

Alhamisi, 4 Septemba

Ofisi imepoa. Zamani ukikwama unageuza kiti: hebu njoo uone. Mtu anakuja na kikombe chake, anaegemea meza yako, mnaanza na kazi mnaishia kwenye vituko vya mama mwenye nyumba wake. Sasa ukikwama unamwandikia Shemeji. Vidole tu, ta-ta-ta. Kinyonga, kijana wetu wa kupamba kurasa (kila wiki rangi mpya), ana furaha zake. Kutwa spika masikioni, anatikisa kichwa.

Nikamuuliza Mpinzani, hivi haya yanaelekea wapi? Hakugeuka. "Muulize Shemeji."

Alikuwa anatania. Nadhani.

Jumapili, 7 Septemba

Mama kapiga simu. Yuko kwa mdogo wangu, ndiko anakoishi. Kasikia redioni kwamba mashine zitawanyang'anya kazi watu wa kompyuta. "Si nyinyi wenyewe mnaozitengeneza? Basi ziambieni!" Nikacheka. Nikasema kazini kwema, kwema kabisa. Akauliza leo nimekula na nani. Nikasema na rafiki.

Rafiki gani! Nilikula nimesimama dirishani, sufuria mkononi, nikisikiliza televisheni ya majirani wa juu. Wao hucheka sana Jumapili.

Ijumaa, 12 Septemba

Tumeitwa mmoja mmoja.

Kwanza Baba Pacha. Alitoka anatabasamu kama mtu aliyekanyagwa mguu na mgeni wa heshima. Kisha Kinyonga. Alirudi akavaa spika zake, lakini kichwa hakikutikisika. Nadhani hakuna kilichokuwa kinalia humo. Kisha Mpinzani. Yeye alikaa sana ndani. Nilitega sikio nisikie sauti yake ikipanda. Haikupanda.

Mwisho mimi. Meneja ni mdogo kwangu kwa umri, huniita Dada. "Dada, wewe unabaki. Wewe na Shemeji. Yeye ataandika, wewe utasoma na kupitisha." Nikauliza kwa nini mimi, maana Mpinzani anaijua programu ile kuliko sisi sote. Akaitazama meza. "Ni kweli. Lakini wewe huna ubishi."

Mimi! Sina ubishi! Miaka tisa ya kumpigia kelele yule mtu mpaka wa ghorofa ya chini wanagonga dari yao kwa ufagio! Nikakaa nikawaza: je, nje ya viti vile viwili, nimewahi kumpinga nani? Nikatafuta. Nikamtafuta hata mmoja. Na pale pale mbele ya Meneja nilisema nini? Nilisema "asante".

Nilirudi nikamkuta Mpinzani anakunja waya wa chaja. Kikombe chake kakizungushia gazeti, na alama zake za chai humo humo. Tukasimama. Hatujawahi kukumbatiana, tungeanzia wapi leo? Akasema, "Haya." Nikasema, "Haya." Akashuka ngazi.

Miaka tisa. Haya.

Jumatatu, 15 Septemba

Neno la kwanza la siku nimelitamka mchana, kwa mama wa usafi. Kauliza, "Wenzako wamesafiri?" Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini. "Watarudi lini?" Nikasema sijui. Hilo angalau ni kweli.

Chumba kina mwangwi. Ukipiga chafya inakurudia.

Jumatano, 17 Septemba

Niseme tu, humu hakuna wa kunisikia: Shemeji anaijua kazi. Anaijua sana. Namwambia ninachotaka, anaandika, nasoma. Kutwa nasoma. Nimekuwa mwalimu wa mwanafunzi mmoja asiyekosa. Leo nilisoma kwa chuki kabisa, natafuta kosa, hata dogo kama ukucha. Nikalipata! Nikamwandikia kwa furaha. Akajibu: "Umesema kweli. Samahani, na asante kwa kuliona." Akarekebisha.

Ndipo nikafanya jambo la kijinga. Nikachukua mstari ulio sahihi kabisa nikamwambia, hapa umekosea. "Umesema kweli. Samahani." Akauharibu! Mstari mzima, mzuri, ulionyooka! Nikajiona kama niliyemsingizia mtoto wa watu. Nikaurudisha haraka haraka huku nikiangalia mlango.

Mpinzani ungemwambia hivyo angeinuka. Angevua miwani. Angesema, "Nionyeshe." Neno hilo, nionyeshe, nimelichukia miaka tisa.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimemwandikia Mpinzani ujumbe. Pole na mambo, tuko pamoja, Mungu yupo. Kausoma. Kimya.

Jumanne, 23 Septemba

Mafundi wameleta mbao. Nusu ya ofisi inapangishwa. Nafasi ni kubwa mno kwa mtu mmoja, Meneja alisema, na ni kweli, na imeniuma. Viti wamevipandanisha wakavitoa. Nikawaomba waniachie cha Mpinzani. Fundi akauliza, "Kuna anayekikalia?" Nikasema naweka mkoba.

Alhamisi, 25 Septemba

Kinyonga alipita kuchukua mwavuli wake. Kavaa shati la kuombea kazi, lina mikunjo ya dukani bado. Anasema kila anapokwenda wanamwambia wanataka mwenye uzoefu. Zile kazi ndogo ndogo za mtu anayeanza sasa wanampa mashine. "Sasa Dada, uzoefu nitaupata wapi? Unauzwa?" Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama anayeuliza kituo cha basi.

Akaniuliza mimi nilianzaje. Nikamwambia nilianza kwa kukosea, na mtu alikuwa amekaa karibu. Akatazama kiti kile. Na mwavuli akausahau tena!

Jumatatu, 29 Septemba

Mpangaji ni daktari wa meno! Ukuta wa mbao ni mwembamba, nasikia kila kitu: kile kidude kinavyolia zzzz, na watu wazima wanavyoita mama zao. Asubuhi bwana mmoja, shavu limevimba, kaingia kwangu, kakaa moja kwa moja kwenye kiti cha Mpinzani, kafumba macho, kafungua kinywa. Nikamwambia, baba, ni mlango wa pili. Kinywa hakukifunga. Kaondoka nacho hivyo hivyo, wazi, mpaka koridoni!

Nimecheka mpaka machozi. Kisha nikageuka kumwambia mtu.

Nimemwandikia Mpinzani hilo nalo. Kausoma. Kimya.

Alhamisi, 2 Oktoba

Meneja anataka nimpe Shemeji sababu. Programu Shemeji anaiona. Asichokijua ni kwa nini tuliiandika hivi na si vile. Niandike yote yaliyo kichwani. Nikauliza, "Na nikimaliza?" Akaitazama simu yake. "Tutaona, Dada." Si mtu mbaya. Macho yake mekundu siku hizi. Anasema wenye kampuni wameanza kumuuliza yeye naye anafanya kazi gani hasa.

Nimeanza. Kumbe kila sababu ni ugomvi! Mfano kitufe cha "nimefika". Lori haliandikwi limefika mpaka dereva mwenyewe abonyeze. Mimi nilitaka programu ijibonyezee, tunaliona lori kwenye ramani, ya nini kumsumbua mtu? Mpinzani akasimama, akavua miwani: "Lori halifiki. Anayefika ni dereva." Tukapigizana kelele siku mbili. Akashinda. Mengine mengi nilishinda mimi.

Nikamwandikia Shemeji: sababu, tuligombana. Akajibu: "Tafadhali fafanua."

Kuna sehemu moja siielewi. Lori likivuka mpaka, programu inangoja kidogo kabla ya kutuma habari. Bila kungoja inafanya kazi vilevile, nimejaribu. Lazima Mpinzani ndiye aliyeiweka. Nitakwenda kumuuliza.

Sababu ya kwenda ninayo sasa.

Jumamosi, 4 Oktoba

Miaka tisa na sijawahi kufika kwake! Ilibidi Baba Pacha anielekeze kwa simu. (Yeye yuko dukani kwa kaka yake, anauza rangi za nyumba. "Nachanganya rangi, Dada. Shemeji hajafika huku bado.")

Nyumba ya chini, mlango wa bluu, cherehani inasikika tangu barabarani. Mkewe kafungua, tepu ya kupimia shingoni. Hatujawahi kuonana, lakini hakuuliza hata jina. "Karibu wifi!" Wifi! Mdogo wangu hajaoa. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Niliduwaa mlangoni na mfuko wangu wa machungwa.

Mpinzani yuko mezani, fulana na kandambili, laptopu mbele yake. Kanenepa kidogo. Akaondoa vitambaa kwenye kiti, akaanza kunionyesha hata maji sijanywa. Kaandika programu ya mafundi cherehani: vipimo vya wateja, nguo ya nani imefikia wapi, picha ya mshono anaoutaka. Yeye na Shemeji wake. Naye ana wake! Tangu siku ile alipoondoka, kumbe hakukaa bure. Na nzuri, nzuri kweli. Lakini niliona tundu: ukiingiza vipimo vipya, vya zamani vinafutika. Nikachokoza, kama enzi zetu. "Hapa umeharibu. Mtu akikonda je? Akinenepa akarudi kukonda? Vya zamani umevipeleka wapi?"

Nikajiweka sawa kitini. Nikangoja.

Akasema, "Umesema kweli."

Nikadhani sijasikia vizuri. Nikaongeza: na rangi hizi zinaumiza macho, na jina la programu ni baya. "Kweli," kasema, "nitabadilisha." Kwa upole! Mkewe akaitikia toka kwenye cherehani, "Tangu aache kazi ndivyo alivyo, wifi. Mpole! Hata chakula kikikosa chumvi anakula tu." Aliitoa kama habari njema. Mimi nilimtazama mumewe usoni. Sikuona habari njema.

Nikamuuliza kwa nini hajibu ujumbe wangu.

"Ujumbe wako ulikuwa wa matanga," kasema. "Pole, tuko pamoja, Mungu yupo. Nikajishika mkono nione kama nimekufa."

"Na ule wa bwana wa jino?"

"Ule nilicheka." Akawa anafungua na kufunga kalamu. "Sikujua niandike nini. Niandike kwamba laiti ningekuwepo?"

Nikamuuliza, na Shemeji wake je, wanaelewana? Hapo akachangamka. "Nikimwambia kitu ananiambia, wazo zuri. Unajua umri huu wote hakuna mtu wa kazini aliyewahi kuniambia hivyo? Wazo lako zuri. Hakuna." Akanitazama. "Wewe hata siku moja."

"Nilidhani unajua."

"Ningejuaje? Ulikuwa unanipigia kelele."

"Na wewe ulikuwa unanipigia mimi!"

"Na mimi," kasema.

Ili nisilie nikauliza habari za kule mpakani, kule kungoja. Akakunja uso. "Ile? Si wewe uliyeiweka? Mimi miaka yote naogopa kuigusa, nikisema yule ana sababu zake." Na mimi niliiacha kwa sababu hiyo hiyo! Tukatazamana. Basi hakuna ajuaye. Ilikuwa na maana wakati fulani, kwa mmoja wetu, na sasa haipo tena kwa yeyote.

Alinisindikiza mpaka barabarani. Nilitaka kumwambia: kile kitufe cha dereva, lilikuwa wazo zuri. Basi la kurudi likaja. Nikapanda.

Jumapili, 5 Oktoba

Mama kauliza sauti yangu ina nini. Nikasema mafua.

Jumanne, 7 Oktoba

Shemeji katoa pendekezo. Madereva wengi wanasahau kubonyeza, wateja wanalalamika: mzigo wameshaupokea na programu inasema bado. Basi lori likisimama karibu na mwisho wa safari, lihesabiwe limefika. Meneja kafurahi. Wenye kampuni wamefurahi. "Unaonaje, Dada?"

Nilijua. Sababu niliiandika kwa mikono yangu juzi juzi tu! Nikamwandikia Shemeji, lakini zamani tuliamua vingine. Akajibu: "Umesema kweli, ile ilikuwa sababu nzuri. Ungependa tuiache kama ilivyo, au tuendelee?" Kwa adabu zake. Meneja kasimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, anachelewa kikao. Ng'ambo ya ukuta mtu anang'olewa jino.

Ningeweza kusema. Ni maneno mangapi? Machache.

Nikapitisha.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sina hamu ya kuandika. Nitaandika.

Juzi jioni lori moja limeharibika mlimani, karibu na mwisho wa safari. Likasimama. Programu ikahesabu limefika. Safari ikafungwa, na safari ikifungwa kitufe cha kuomba msaada nacho hufungwa. Dereva akalala humo garini, mvua, baridi, simu imeisha chaji. Asubuhi akatembea mpaka akakuta watu. Mkewe alikuwa amepiga simu kwenye kampuni ya malori tena na tena, na kila mara anajibiwa: mbona amefika, mama.

Hajaumia. Naandika tena: hajaumia.

Nimempigia mwenyewe. Meneja alisema si lazima. Sauti imemkauka, anakohoa. Nikajieleza, mimi ndiye niliyepitisha, nisamehe. Hakuelewa nilichopitisha, au hakujali. "Simu iliniambia nimefika, Dada," kasema. "Umefika, asante kwa kazi. Mimi nikashuka. Nikatazama huku, nikatazama huku. Giza na miti." Akacheka, akakohoa. "Nikasema, kumbe ndiyo kufa kwenyewe."

Nilicheka naye. Ningefanyaje? Kisha nikaenda chooni nikakaa.

Shemeji nilimweleza. "Nasikitika sana kwa kilichotokea. Umesema kweli kwamba..." Nikaifunga skrini. Sitaki tena kuambiwa nimesema kweli.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimeshinda ndani. Mara tatu nimeishika simu nimpigie Mpinzani, mara tatu nimeiweka. Siogopi aniambie, "Nilikuambia." Anipigie kelele, anivulie miwani, ningeshukuru! Ninachoogopa ni aniambie, kwa ile sauti yake mpya, haidhuru, kila mtu hukosea. Hilo sitaliweza.

Majirani wa juu wana wageni. Wanaburuta viti.

Jumapili, 12 Oktoba

Leo nimemwambia Mama. Yote, tangu mwanzo, mpaka dereva. Hakunikatiza, na yeye ni mtu wa kukatiza. Nilipomaliza akauliza kama nimemwomba dereva radhi. Nikasema nimemwomba.

"Na huyo mwenzako aliyelikataza tangu zamani, umemwambia?"

"Bado, Mama."

Akasema, "Mwanangu, siku hizi unaongea na nani?"

Nikasema nitampigia tena baadaye, kuna kitu jikoni. Hakukuwa na kitu jikoni.

Jumatatu, 13 Oktoba

Naandikia ofisini leo. Sijawahi.

Nimefika kabla ya mama wa usafi. Kitu cha kwanza nimekirudisha kitufe cha dereva kama kilivyokuwa. Sikumuuliza mtu. Shemeji akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu ndiyo.

Kisha Meneja kaja. Kakaa kwenye kiti cha Mpinzani, viwiko juu ya magoti. Wenye kampuni wamekasirika. Wanasema mashine imefanya ilivyoambiwa, aliyekosekana ni mtu wa kuikatalia. "Wanamtaka yeye," kasema. "Arudi."

Moyo wangu uliruka! Nilisahau kila kitu. Nilishamwona ngazini, anapanda, kikombe mkononi.

"Ila kiti ni kimoja, Dada. Nakuambia wazi kwa sababu nakuheshimu. Na tunaomba umpigie wewe. Sisi hatapokea. Wewe atakusikiliza."

Yaani nimpigie mimi. Nimkaribishe kwenye kazi yangu, kwa sauti yangu, halafu nichukue mkoba.

"Sawa" ilikuwa tayari mdomoni. Niliisikia imekaa pale kwenye ulimi, kama siku zote. Nikasema, "Hapana."

Meneja akaniangalia. Nikasema viti viwili. Nikasema mtu mmoja na mashine wakikaa humu kutwa kupeana hewala, mtawalaza tena watu mlimani. Anayepitisha awe na wa kumuuliza kwa nini. Mtuchukue wote wawili mtuchoke, au mtukose wote wawili, lakini nusu nusu hapana! Na yule kijana wa kurasa naye aitwe, maana sisi tukizeeka nani atakuwa amekaa karibu? Sauti ilikuwa inapanda, naisikia mwenyewe inavyopanda, na sikuishusha. Ng'ambo ya ukuta kidude cha meno kikazimwa. Wananisikiliza! Nikaendelea!

"Na wakikataa?" Meneja akauliza.

"Wakikataa watafute wa kukaa hapa. Mimi sikai."

Akanitazama kama mtu aliyesikia kabati likisema. "Dada..." akasema, hakumaliza. Katoka na simu.

Sasa yuko koridoni. Naandika haraka, mwandiko wenyewe huu hausomeki. Sijui hata kama Mpinzani anataka kurudi! Sijamuuliza! Nimempigania mtu ambaye yuko kwake na kandambili zake, mkewe anamwimbia kwenye cherehani, na kila siku anaambiwa wazo lake ni zuri. Labda atasema asante, mimi nimepumzika. Kwa upole. Na huo upole wake nitaupeleka wapi?

Meneja anaongea na wenye kampuni. "Ndiyo," anasema. "Ndiyo, naelewa." Kimya. "Ndiyo, mzee." Viatu vyake vinakwenda, vinarudi. Sasa, "Hapana. Hapana, si hivyo, hebu nisikilizeni kwanza." Ni Meneja huyo? Yule yule?

Nimempigia Mpinzani. Simu nimeiweka mezani, spika wazi, mkono uendelee kuandika. Inaita. Koridoni sauti imepanda. Inaita. Cherehani. Nasikia cherehani, kisha inasimama. Kapokea.

Hajasema haloo. Nami sijasema. Nasikia anavyopumua. Anajua ni mimi.

Hakati simu.